Moto Ulionyooshwa

Neno kukereza limo katika kamusi sanifu ya 1939, ile aliyoisimamia Frederick Johnson, na pembeni yake limo kerezo, yaani mashine yenyewe. Nalitaja kwa sababu vijana wenzangu wengi wanadhani kukereza mbao kulikuja na vyuo vya ufundi. Pwani walikuwa na mafundi wa kugeuza mti na kuulaza kwenye patasi, wakatoa miguu ya vitanda na nguzo ndogo za viti, zamani kabla ya mota ya umeme. Huku bara, Singida, vyombo vya mti tulivichimba kwa tezo. Cha mviringo tulichokuwa nacho ni kibuyu, ambacho Mungu alikwisha kukikereza, na kazi iliyobaki ilikuwa kukipamba. Ukitaka mistari meusi, unapasha ncha ya chuma kwenye makaa, unaiburuta juu ya ganda kavu, inapoa, unairudisha motoni. Mstari mmoja unaweza kukurudisha jikoni mara nne.

Kwa hiyo mashine niliyoiunda hapa Mgori, mashariki ya mji wa Singida, ina wazazi wawili: duara ya kerezo na moto wa ule msumari. Mwili wake ni wa printa mbovu mbili. Kutoka kwao nilipata reli, mikanda na mota ndogo ambazo hazizunguki ovyo bali hupiga hatua, 200 kwa mzunguko mmoja. Ubongo ni bodi ya Arduino. Kitu pekee nilichonunua kipya ni kichwa cha leza chenye mwanga wa buluu, kinachotumia volti 12, na miwani ya kinga inayolingana na mwanga huo. Miwani ilitangulia kununuliwa. Leza ya wati chache ikirudi kutoka kwenye kitu kinachong'aa inaharibu jicho kabla hujapepesa, na jicho haliuzwi dukani. Nimeizungushia sanduku la bati, moshi unatoka kwa bomba, na watoto wa jirani wanajua kwamba mlango ukifungwa hawabishi hodi.

Hizo volti 12 ndizo zinazoniwezesha kuandika haya. Albert Einstein aliandika mwaka 1917 kwamba mwanga unaweza kuichokoza atomu iliyosheheni nishati itoe mwanga mwingine unaofanana nao kabisa. Ikachukua zaidi ya miaka 40 kupata kifaa. Charles Townes na Arthur Schawlow walichapisha nadharia yao 1958, na tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza kwa kipande cha yakuti cha kutengenezwa. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, akapata leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo iliyoingia viwandani kukata mbao, ngozi na plastiki. Ni mashine nzuri. Lakini inataka bomba la kioo, maji ya kulipoza na umeme wa volti maelfu kwa maelfu. Jaribu kuipakia kwenye bodaboda ya Mgori.

Njia ya kwetu ilipita kwingine, kwenye daiodi. Robert Hall alitengeneza leza ya daiodi 1962, ndogo kuliko punje ya mchele, lakini mwanga wake haukuonekana kwa macho. Rangi ya buluu ilikataa kwa miongo mitatu. Aliyeifungua ni Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, kwa kutumia naitraidi ya galiamu. Kufikia 1996 alikuwa na leza ya daiodi yenye mwanga wa upande huo. Mwaka 2014 alipewa Nobel ya fizikia pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, kwa taa ya daiodi ya buluu iliyoitangulia. Mbao hunyonya mwanga wa buluu vizuri, wakati mwanga mwekundu wa mashine za kuandikia DVD huurudisha mwingi. Mwaka 2010 zilipotoka projekta zenye daiodi za buluu za nanomita 445, vijana wa nchi mbalimbali walizinunua na kuzivunja ili kutoa daiodi tu.

Upande wa ubongo, Arduino ilianza 2005 huko Ivrea, Italia, kama bodi rahisi ya wanafunzi, na mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway akatoa bure programu ya Grbl, inayosoma amri za mashine na kuzigeuza kuwa hatua za mota. Kisha 2013, Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou akaonyesha printa ya pande tatu aliyoiunda kwa mabaki ya kompyuta na skana. Printa zangu mbili mbovu nilizitazama upya baada ya kusoma habari zake.

Ubao bapa hauna shida. Shida ni bakuli.

Mashine inadhani dunia ni bapa. Ili ichore kwenye kitu cha mviringo, unaiondoa mota ya mhimili mmoja na kuifanya izungushe chombo chenyewe, halafu unaidanganya kwamba mzunguko ni mstari. Mota ya hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara 16, inatoa hatua 3,200 kwa mzunguko. Bakuli la kipenyo cha milimita 120 lina mzingo wa milimita 377, kwa hiyo hatua nane na nusu hivi kwa kila milimita. Sasa panda shingoni, ambako kipenyo ni milimita 60. Mzingo umekuwa nusu, hatua ni zilezile, na ua lililokuwa na upana wa sentimita 3 tumboni limebanwa kuwa sentimita 1.5, huku urefu wake haujabadilika. Linaonekana kama limeshikwa koo. Juu ya hapo, ncha ya mwanga inachoma vizuri ndani ya kina cha milimita chache tu. Tumbo likijikunja zaidi ya hapo, mstari unanenepa na kufifia.

Nilitafuta jibu kwenye programu kwa wiki kadhaa. Likaja kutoka kwenye kibuyu cha bibi yangu kilichotundikwa ukutani kwa mama. Kina mistari mitatu ya pembe nne zilizochomwa. Nilizihesabu: tumboni 14, juu kidogo 14 tena lakini fupi, shingoni 7. Bibi hakuibana pembe nne ili iingie. Aliruka moja, akachora moja. Hakuwa na kipimo cha mzingo, alikuwa na jicho, na jicho lake lilijua kwamba nakshi ya mviringo inahesabiwa upya kila unapopanda. Sasa ninachora kwa mikanda, kila mkanda na hesabu yake, na kati ya mikanda nacha pete tupu ambayo kerezo imeichimba.

Mambo haya Ulaya waliyafanya kwa fahari. Kampuni ya Holtzapffel ya London ilianza miaka ya 1790 kuuza mashine za kukereza nakshi, ghali kweli, kwa mabwana waliotafuta burudani. Zilikuwa na sahani yenye matundu ya kugawa duara kwa sehemu sawa, kazi ileile inayofanywa na mota yangu ya hatua. Kitabu cha John Jacob Holtzapffel cha 1884 kuhusu sanaa hiyo kinausifu mti mmoja kuliko mingine kwa kazi hizo: mpingo wa Afrika. Mti wetu ulifika kwenye kerezo za London kabla hatujapata za kwetu huku bara.

Na hapa leza inacheka na historia. Mpingo, mti tunaojivunia, mti wa vinyago vya Wamakonde na zumari za Ulaya, ni mbaya kwa leza. Kiini chake ni cheusi. Ukichoma cheusi unapata cheusi. Ukiinamisha kipande kwenye dirisha utaona kijivu kidogo, basi. Nakshi inakaa vizuri kwenye ile sehemu ya nje, nyeupe yenye umanjano, ambayo watengeneza zumari huikata na kuitupa. Mimi sikerezi mpingo. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia iko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa, na nje ya hapo kuna suala la msitu wetu wenyewe.

Msitu wa Mgori ni wa miombo, hekta zipatazo 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ulikuwa uwe hifadhi ya serikali. Badala yake, kufikia 1995 vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Nduamghanga na Mughunga, vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Duru-Haitemba, Babati, walitangulia kidogo. Majaribio haya mawili, yaliyosaidiwa na fedha za Sweden, yaliingia kwenye Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, na leo popote Tanzania kijiji kinapotenga msitu wake kisheria, kinapita njia iliyofyekwa huku. Sipendi kuona jambo hilo likitajwa tu kwenye ripoti za wataalamu. Kuna watu hapa waliolala porini wakilinda mpaka bila mshahara, na mti unaotoka humo kiholela, uwe mkaa au bakuli zuri la kupeleka Dar es Salaam, unawadhulumu walewale.

Kwa hiyo ninakereza miembe iliyozeeka ya mashambani. Mbao yake ni nyepesi rangi, moto wa buluu unaacha kahawia iliyoiva, na hakuna anayeulizia kibali cha msitu. Au hakuna aliyeulizia hadi mnunuzi mmoja alipotaka kujua anahakikishaje. Swali halali. Gogo halali hugongwa nyundo ya alama kichwani, lakini fundi akianza kukereza, kichwa ndicho kinachokatwa kwanza. Chombo kinafika sokoni bila ushahidi wowote. Nikaamua chini ya kila bakuli kuchoma jina la mti na la kijiji.

Mzee aliyenipa mwembe wa mwisho alikuja kutazama. Nilimvalisha miwani, akakaa kimya hadi mkanda wa kwanza ulipokamilika.

“Kumbe ni moto uleule, mjukuu wangu,” alisema. “Ila mmeunyoosha.”

Nilimgeuzia bakuli nikamsomea maandishi ya chini. Akauliza kwa nini sijaandika mwaka. Nilimwambia sijui mti una umri gani.

“Niliupanda tulipoletwa hapa kwa Operesheni. Nyumba haikuwa na paa bado, mwembe ukawa umeshashika.”

Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Hakukumbuka mwaka hasa, na mimi sikutaka kumkisia. Nikarudisha bakuli kwenye mashine, nikaandika MWEMBE, MGORI, OPERESHENI. Ilichukua dakika 11, naye alisubiri zote.