Mita Moja na Nusu Mbele ya Uso

Picha ya sura iliingia Dar es Salaam kwa njia ya maji. Masanduku ya vioo vya negativu, chupa za dawa za kusafishia na lenzi zilizofungwa ndani ya shaba yalipita kwenye mlango wa bandari, pale pale ambapo leo pantoni hukata maji kutwa kucha kati ya Feri na Kigamboni. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, na nyuma ya maofisa na wafanyabiashara wakaja wapiga picha. Carl Vincenti alipiga picha za mji na watu wake na kuziuza kama kadi za posta kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walther Dobbertin naye alifanya kazi hapa miaka hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya picha zake imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani.

Tangu enzi hizo hadi enzi hizi za simu, jambo moja limekuwa likibadilika kila kizazi: idadi ya hatua kati ya mpiga picha na anayepigwa. Chumba kiliamua lenzi gani itumike, lenzi ikaamua umbali, na umbali ukaamua uso utokeeje.

Watu wengi huilaumu lenzi. Utasikia kwamba hii inanenepesha mashavu, ile inarefusha pua. Kinachofanya hivyo hasa ni umbali. Kutoka ncha ya pua hadi masikio kuna takriban sentimita 12. Mpiga picha akisimama sentimita 42 kutoka kwenye pua, masikio yatakuwa sentimita 54 kutoka kwake, na pua itatokea kubwa kwa karibu asilimia 29 ikilinganishwa na masikio. Akirudi nyuma hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8, na uso unafanana na tunavyouona tunapozungumza na mtu kwa heshima, bila kumsogelea mno.

Kazi ya lenzi ni kuujaza uso huo kwenye fremu kutoka umbali uliochaguliwa. Kwenye kamera ya filamu ya milimita 35, picha ya kichwa na mabega inayochukua sentimita 60 kwa urefu hupigwa kutoka sentimita 42 kwa lenzi ya milimita 24, sentimita 88 kwa lenzi ya milimita 50, na mita moja na nusu kwa lenzi ya milimita 85. Ndiyo maana ya 85 ikapata jina la lenzi ya sura duniani kote, pamoja na dada yake ya 105. Picha ya msichana wa Kiafghani iliyopigwa na Steve McCurry kambini Pakistani mwaka 1984 ilipigwa kwa lenzi ya Nikon ya milimita 105.

Wazee wa kazi hii hawakuwa na milimita 85, lakini walikuwa na umbali. Mwaka 1840, mwaka mmoja baada ya Daguerre kutangaza ugunduzi wake Paris, mwanahisabati Joseph Petzval wa Vienna alikokotoa lenzi ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya sura za watu, nayo kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Ilipitisha mwanga mara 16 hivi zaidi ya lenzi za wakati ule, na muda wa kukaa bila kutikisika mbele ya kamera ukashuka kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja. Katikati ya picha ilikuwa kali mno, na kingoni ikalegea, ikazunguka kama maji ya kisimani yaliyotikiswa. Jicho la mtazamaji likavutwa moja kwa moja usoni.

Ufundi huo ulifika pwani yetu kupitia Unguja. Wagoa ndio waliotangulia: A. C. Gomes, kisha J. B. Coutinho na wenzake, walikuwa na studio Mji Mkongwe katika robo ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa iliyofuata. Masultani, wafanyabiashara, mabibi waliovaa kanga na watoto waliovishwa kofia za kushona walikaa mbele ya mapazia yao. Kamera zilikuwa kubwa, za mbao, zenye kioo cha sentimita 13 kwa 18. Kwa kioo cha ukubwa huo, milimita 210 ni lenzi ya kawaida, na milimita 300 ndiyo ya sura. Mtu aliyekaa kitini, akionekana kuanzia magotini, alipigwa kutoka mita mbili na nusu. Chini ya kitambaa cheusi mpiga picha alimwona mteja wake kichwa chini miguu juu, akasogeza lenzi taratibu mpaka nyusi na kope zikaonekana kali. Hakukuwa na haraka. Ukitazama picha hizo leo, utulivu wa nyuso unatokana kwa sehemu na muda huo, na kwa sehemu na nafasi hiyo pana baina ya watu wawili.

Si kila uso ulipewa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1906 Karl Weule, msomi wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Dar es Salaam akielekea Lindi na uwanda wa Wamakonde, akiwa na kamera na mashine ya kunasia sauti. Katika safari za namna yake watu walipigwa picha ili waainishwe kwa makabila: uso wa mbele, kisha wa ubavu. Lenzi inaweza kuwa ile ile ya studio na umbali ukawa ule ule, lakini aliyelipia picha akawa mtu mwingine. Mteja wa Gomes aliondoka na sura yake mkononi. Wengi wa waliosimama mbele ya watafiti hawakuziona picha zao.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mombasa, N. V. Parekh aliendesha studio yake kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Waswahili, Wahindi na Waarabu wa mji ule wakaenda kwake wakiwa wamevaa vya Idi na vya harusi. Kizazi hiki ndicho kilichopokea kamera ndogo zaidi yenye macho mawili, moja juu ya jingine: Rolleiflex ya Kijerumani, baadaye Yashica ya Kijapani. Jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 75 au 80, nayo haikubadilishwa kwenye aina zilizozoeleka. Filamu ya 120 ilitoa picha 12 za mraba.

Namna ya kuishika ilibadili sura pia. Mpiga picha hakuiweka jichoni. Aliishusha kifuani au tumboni, akainamisha kichwa na kutazama kioo kilicholala juu yake, ambamo kulia kulionekana kushoto. Lenzi ikawa chini ya macho ya mteja aliyesimama. Kidevu kikainuka kidogo, mabega yakapanuka, shingo ikarefuka. Vijana wengi wa mijini waliopigwa picha wamesimama katika miaka ya 1950 na 1960, suruali ikiwa imepigwa pasi na mkono mmoja mfukoni, wana ile fahari ya mtu anayetazamwa kutoka chini kidogo. Sehemu yake ni ya kijana mwenyewe, na sehemu ni ya urefu wa lenzi kutoka sakafuni.

Hapa ndipo nyumba ya Kariakoo, Dar es Salaam, inapoingia. Viwanja vya eneo hili vilianza kupimwa mwishoni mwa utawala wa Wajerumani, na juu yake zikasimama nyumba za Kiswahili za vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati. Chumba cha mbele kinachotazama baraza kilifaa biashara ya kila aina: duka, kinyozi, cherehani, studio. Tuseme chumba hicho kina mita 3 kwa 3. Pazia limetundikwa ukutani na mteja amesimama mbele yake nusu mita ili kivuli kisimwangukie nyuma. Picha ya mtu mzima kutoka utosi hadi viatu, ikiachwa nafasi kidogo juu na chini, huhitaji kunasa mita 2 kwa urefu. Kwa kamera ya macho mawili yenye lenzi ya milimita 80, mpiga picha lazima awe karibu mita 2.9 kutoka kwa mteja. Chumbani hapatoshi. Lazima asimame mlangoni, au mteja asogezwe hadi agusane na pazia.

Kwa kamera ya filamu ya milimita 35 hesabu ni ile ile. Lenzi ya milimita 50 inataka mita 2.8. Ya milimita 35 inaridhika na mita 2, ila miguu huanza kuvutika ikiwa kamera imeinamishwa. Ya milimita 85 inataka mita 4.8: ingempeleka mpiga picha nje, avuke baraza, aingie barabarani. Kwa hiyo ile lenzi inayosifiwa vitabuni kwa ajili ya sura ilikuwa na kazi moja tu katika chumba cha namna hiyo, nayo ni picha ya kichwa na mabega. Picha ya kusimama ilibaki kuwa ya lenzi ya kawaida na mgongo wa mpiga picha ukutani.

Kamera za lenzi za kubadilisha zilizidi kuonekana mjini pamoja na waandishi wa habari. Mwaka 1963 Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya Camerapix papa hapa, akiwa na miaka 20 hivi. Mwaka uliofuata aliripoti mapinduzi ya Zanzibar. Mpiga picha wa habari alihitaji lenzi fupi ya kuingilia kwenye umati na ndefu ya kumfikia kiongozi jukwaani. Mwenye studio alihitaji moja inayomtosha, aitunze maisha.

Na ilibidi aitunze. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, bidhaa za nje ziliadimika madukani. Filamu na karatasi za kuchapia zilikuwa miongoni mwa vitu vya nje vilivyotegemea fedha hizo. Fundi mwenye picha 12 kwenye filamu hapotezi hata moja: humpanga mteja, humnyoosha kola, humgeuza bega kidogo, kisha hubonyeza mara moja. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, picha za rangi na mashine za kusafishia haraka zikaenea mijini, na picha ya sura ikatoka studio ikaenda barabarani.

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi wa hatua hiyo uko kwenye feri nyingine, ya Likoni, Mombasa. Katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa, wakiwapiga abiria waliokuwa wakisubiri kuvuka. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend aliandika juu yao kwa kina. Hawakubanwa na kuta, lakini pazia liliwabana: lenzi ikiwa pana mno, kingo za pazia zinaonekana na ndege haipai tena. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliharibu vibaya biashara ya eneo lile.

Feri ya Dar es Salaam ina sharti tofauti. Ikulu iko jirani, Magogoni, na mtu haelekezi kamera upande huo ovyo. Jirani pia kuna soko la samaki, ambalo majengo yake ya kisasa yalifunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani. Hapo nafasi ipo tele ila haitulii. Mpiga picha anayetaka mvuvi mmoja aliyesimama, kwa lenzi ya milimita 135, atamhitaji mita 7.6 mbele yake, na katikati watapita wenye matenga, wachuuzi wanaokimbilia mnada na akina mama waliobeba ndoo. Akichukua ya milimita 35 atasogea hadi mita 2, na hapo hana budi kusalimia, kusema anataka nini na kupata ruhusa. Lenzi ndefu inaweza kuiba sura ya mtu asiyejua. Lenzi fupi humlazimisha mwenye kamera kuzungumza naye kwanza, na kwa soko la watu wenye shughuli zao hilo ni jambo la maana kuliko ukungu mzuri wa nyuma.

Kamera za kidijitali zilileta suluhisho lisilotarajiwa kwa fundi mwenye kipato kidogo. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za kampuni hiyo, na ikifungwa kwenye kamera yenye kihisi kidogo hufanya kazi kama ya milimita 80. Wapiga picha wa kitchen party, send-off na harusi wanaoanza kazi wakapata lenzi ya sura bila kulipa bei ya ile ya 85.

Sasa sura nyingi mjini hupigwa kwa simu zinazouzwa Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani ya Kariakoo. Kamera kuu ya simu huwa sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26, na mkono ulionyooshwa huiweka kwenye zile sentimita 42 zinazokuza pua. Tangu Apple ilipoweka kamera mbili kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, mfumo wa kutia ukungu nyuma ya mtu umeenea hadi simu za bei ya chini. Ukungu huo hauurekebishi uso, kwa sababu umbali umebaki ule ule. Jambo hili lina uzito, maana picha hizo za haraka ndizo zinazokuja kukuzwa na kutiwa fremu kwa ajili ya mahafali, matangazo ya harusi na hata msiba. Kwenye simu nyingi kuna alama ya 2x kando ya ile ya 1x. Mpiga picha akiibonyeza, kisha akarudi nyuma hadi sentimita 85 hivi, tofauti kati ya pua na masikio inashuka kutoka asilimia 29 hadi 14, na hata chumba cha mbele cha Kariakoo kina nafasi ya kutosha kwa hilo.