Programu Iliyoandikwa na Muuguzi

Leo naweka Linux na PHP kando kidogo. Nataka tuangalie programu moja safi sana ambayo haikuandikwa na mtu wa kompyuta. Iliandikwa na muuguzi, kwenye karatasi.

Tatizo lenyewe ni vidonda vya kulalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilalia nyonga au kisigino kwa muda mrefu, damu haipiti pale, nyama inakufa na kidonda kinafunguka. Vijidudu vikiingia, vinaweza kumwua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi walioumia uti wa mgongo hawakuuawa na risasi yenyewe. Walimalizwa na vidonda hivi pamoja na maambukizi ya njia ya mkojo.

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua kituo cha wagonjwa wa aina hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Amri yake: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Watu waliosubiriwa kufa wakaanza kuishi. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano, na hayo ndiyo yaliyozaa Paralimpiki.

Sasa, wodi ya kawaida haina mikono ya kumgeuza kila mtu. Nani aanze? Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake, McLaren na Exton-Smith, walichapisha utafiti wao kuhusu wazee hospitalini. Walimpima mgonjwa kwa mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo lina alama 1 hadi 4. Jumlisha. Akipata 14 au chini, yuko hatarini. Basi, imekwisha! Data tano, jumla moja, sharti moja, na muuguzi yeyote anaweza kuiendesha kichwani.

Utafiti huohuo ulijaribu pia dawa za kusugulia ngozi zilizopendwa na wauguzi. Kilichosaidia kilikuwa kuondoa mgandamizo.

Mwaka 1987 lilikuja toleo lingine kutoka Marekani, la Barbara Braden na Nancy Bergstrom. Lina mambo sita, yakiwemo lishe na msuguano wa ngozi.

Lakini ile namba 2 ya Guttmann ilibaki ndani ya programu miaka na miaka, kama kazi ya cron ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Bergstrom aliigusa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wazee 942 wa nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wageuzwe kila saa 2, wengine 3, wengine 4. Wote walilala kwenye magodoro ya sponji nzito. Hakukuonekana tofauti ya maana katika idadi ya vidonda.

Je, Guttmann alikosea? Sidhani. Godoro limebadilika. Kwa hiyo wewe unayemtunza mzazi nyumbani kwenye godoro jembamba, usikimbilie saa 4: majibu yale ni ya sponji ile. Lakini penye godoro zuri, mgonjwa anaweza kupata usingizi mrefu zaidi, na muuguzi wa zamu ya usiku akapata nafasi ya kumhudumia mwingine. Hiyo ndiyo faida ya kupima namba ambayo kila mtu ameizoea.