Chupa na Kikombe: Historia Fupi ya Kunywa Maziwa Karagwe

Siku ya 80 ya likizo yangu ya uzazi, binti yangu alikuwa bado hajaikubali chupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku zisizopungua 84 zenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ofisi yetu iko Kayanga, Karagwe, lakini habari zenyewe mara nyingi ziko Kyerwa, kwenye barabara ya kwenda Murongo. Saa mbili hazitoshi kwenda na kurudi.

Tulijaribu kila kitu. Nilikamua maziwa yangu mwenyewe, tukayapasha kwenye bakuli la maji ya moto. Baba yake akashika chupa, mimi nikatoka nje ili mtoto asisikie harufu yangu. Tulijaribu kabla njaa haijamkamata, tukajaribu akiwa nusu usingizini. Aliisukuma ile chuchu ya mpira kwa ulimi, akalia hadi sauti ikakauka. Nami nimesimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, maziwa yanalowanisha gauni.

Siku ya 81 mama mkwe akaja kutoka Kyerwa. Baada ya shikamoo na marahaba, akaichukua chupa, akaigeuzageuza.

“Hii ya nini, mwanangu? Kwani hamna kikombe?”

Nilinyamaza kwa heshima, ila moyoni nikasema: ushamba huo. Usiku nikafanya tunachofanya waandishi tukishindwa hoja. Nikasoma.

Kumbe hapa kwetu habari ya maziwa na vyombo vyake ni ya zamani. Mwaka 1861, Waingereza Speke na Grant walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha Nile, wakapokewa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anasimulia alivyowakuta wanawake wa ukoo wa mfalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama. Alipouliza siri, akaonyeshwa vyombo vya mti vya maziwa: tangu utotoni vinywa vyao havikuachana navyo. Anamtaja pia binti wa miaka 16 aliyekuwa akinywa huku baba yake ameshika fimbo. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Hivi mimi na ile chupa yangu nilikuwa na tofauti gani na yule mzee? Fimbo tu.

Chupa nayo ina historia yake. Chuchu ya mpira ilipata hataza Marekani mwaka 1845, kazi ya Elijah Pratt. Ulaya ya karne ile ilipenda chupa zenye mrija mrefu, mtoto anajinyonyea peke yake. Ndani ya mrija uchafu ukaganda, watoto wakafa. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams alisimama Singapore akasema kwamba kuwapotosha akina mama waache kunyonyesha ni sawa na kuua. Mwaka 1974, shirika la War on Want la London likatoa kijitabu cha Mike Muller, The Baby Killer, kuhusu maziwa ya kopo yaliyouzwa kwa watu wasio na maji safi wala pesa za kununua kopo la pili. Mwaka 1981, Mkutano wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti biashara hiyo kwa kura 118. Marekani peke yake ikapinga. Kanuni hizo hazihusu maziwa ya kopo tu, zinazitaja chupa na chuchu zake pia. Tanzania ikatunga za kwake mwaka 1994.

Asubuhi nikamsimulia mama mkwe haya yote, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu akanipa ya kwake.

Mwaka 1992 mdogo wake alifariki, akaacha mtoto wa miezi miwili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ile misiba ilikuwa haihesabiki. Jirani mwenye huruma akamletea chupa. Mtoto akaharisha siku tatu. “Ilikuwa na kona mkono wangu haufiki,” alisema. Akaitupa, akachukua kikombe na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji. Leo wataalamu hawashauri maziwa ya ng'ombe kwa mtoto chini ya miezi sita. Yeye hakuwa na lingine. Mtoto yule sasa anaendesha lori la kahawa.

Baadaye, kuelekea mwaka 2000, akina mama wenye VVU walipoanza kushauriwa kufikiria maziwa ya kopo kama wana uwezo na maji salama, chupa mkononi ikawa tangazo. “Watu walikuangalia mkono kabla ya uso.” Ni mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza wazi kwamba mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha.

Nikaona aibu kwa lile neno ushamba. Miongozo ya wataalamu wenyewe, kwa mtoto wa umri huu, inasema kikombe kwanza.

Alimkalisha mtoto wima mapajani. Akagusisha ukingo wa kikombe kidogo kwenye mdomo wa chini, maziwa yakafika ukingoni tu. “Usimmiminie. Mwache ayafuate.” Mtoto akatoa ulimi, akaramba, akakunja uso, akaramba tena. Nusu ya maziwa iliishia kwenye kitambaa. Siku ya 83, robo tu.

Siku ya 85 nilipanda bodaboda saa moja asubuhi. Mchana nikapiga simu nyumbani, sikuuliza hata salamu vizuri.

“Amekunywa,” mama mkwe akasema. “Sasa fanya kazi, mwanangu.”