Utrasaundi ya mimba: Usiulize jinsia tu, uliza na kifua

Wajawazito wengi wanaoingia kupima utrasaundi kwenye vituo vya Kariakoo na Upanga wana maswali mawili: ni wa kike au wa kiume, na atazaliwa lini? Kifua cha mtoto hakiulizwi kabisa. Wakati hicho ndicho kinaweza kuamua mama akajifungulie wapi.

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Mapafu yamejaa majimaji, oksijeni anaipata kupitia kondo la nyuma. Ndiyo maana mwenye tatizo kubwa la mapafu anaweza kucheza vizuri tu, mama asihisi chochote, shida ikaanza dakika anayozaliwa.

Mpimaji makini huangalia moyo umekaa wapi. Kawaida unachukua kama theluthi moja ya kifua, ncha ikielekea kushoto. Ukiwa umehamia kulia, huenda kuna kitu kinausukuma. Mara nyingine ni mfuko wa chakula au utumbo uliopanda kifuani kupitia tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Weupe usio wa kawaida au vifuko vya maji ndani ya pafu vinaweza kuwa uvimbe wa kuzaliwa nao, na baadhi hupungua wenyewe mimba ikiendelea.

Muda mzuri wa kuangalia ni wiki ya 18 hadi 22. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 linashauri angalau kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Kile cha wiki ya 8 kinaonyesha umri wa mimba, kifua bado. Na hata kwa wakati sahihi, kipimo hakioni kila kitu.

Tundu la kiwambo likionekana, mama anatakiwa ajifungulie hospitali yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto, kama Muhimbili, hapo hapo Upanga. Wahudumu wakijua mapema hawatampa mtoto hewa kwa barakoa, maana hewa hiyo hujaza utumbo ulioko kifuani na kuyabana mapafu zaidi. Wataingiza mpira moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Operesheni husubiri hali yake itulie kwanza.

Ukiwa kitandani kwa mpimaji, uliza: moyo, mapafu na kiwambo vimeonekana? Jibu liandikwe kwenye ripoti, nayo iende kliniki pamoja na kadi.