Milango, mawe na foto: tutunze nini hapa kwetu Uvira?

1. Majengo ya mawe ya zama za kati

Wakisikia habari za milango ya kale na kuta za mawe za zama za kati, wengi wetu huwaza Ulaya: makanisa makubwa, ngome, wafalme. Kumbe majengo ya zama zile yako pia katika Afrika yetu ya Mashariki, na wenye kuyajenga ni Waswahili wa pwani. Kule Kizimkazi, kisiwani Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107 yaliyochongwa juu ya mawe. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa matao na kuba. Karibu yake ni Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14.

Mawe yenyewe ni matumbawe ya bahari. Yakitolewa majini yanakuwa laini, fundi anayachonga anavyotaka. Yakikauka yanakuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Ndiyo sababu miimo ya mlango na mihrabu ya kule imebakia mpaka leo, na mpiga foto anaweza kuifikia miaka 700 baadaye akaona alama ya chombo cha fundi.

2. Kwetu ni miti na udongo

Je, Uvira? Tuseme ukweli: majengo ya namna ile hatuna. Wazee wetu wa ufuko huu walijenga kwa miti, matete, nyasi na udongo. Haikuwa ujinga. Vitu hivyo vilikuwa karibu, nyumba ilijengwa upesi kwa mikono ya jirani na ndugu, na ikizeeka inajengwa ingine. Lakini nyumba ya namna hii haingojei mtafiti. Ikianguka, mvua mbili tatu zinamaliza kazi, na kinachobaki ni neno la mzee: «Pale palikuwaka nyumba ya fulani.»

Milango ya kuchongwa ya pwani ilijulikana huku bara kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika kwetu na hadi Maniema. Ilileta nguo, shanga na bunduki. Ilirudi na pembe za tembo na watu waliofungwa. Mali hiyo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi nzuri za Unguja. Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, aliyetawala Kasongo na nchi zake, alikufa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ya Shangani, yenye mlango wa kuchongwa, watalii wanaipiga foto kila siku. Watu hufasiri mnyororo unaochongwa pembeni ya milango ya kule kwa njia mbili: wengine wanasema ni alama ya watumwa, wengine wanasema ni kinga ya kuzuia mabaya. Vyovyote iwavyo, sisi watu wa upande huu wa ziwa tukiitazama ile foto, lazima tuulize: gharama ya mlango huu aliilipa nani? Urembo wa mbao haujibu swali hilo. Anayejibu ni yule anayeandika maneno chini ya foto.

3. Jiwe la Mugere na neno la wenyeji

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo, Mugere, kusini ya Bujumbura. Pale kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi wanapiga foto mbele yake wakidhani ndipo wale wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji; baadaye ndipo walipanda pamoja kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa kuangalia mto Rusizi. Wakaona kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki.

Lakini habari hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Uvira, wenyeji waliwaambia neno hilo hilo: mto unaingia. Miaka 13 kabla ya jiwe! Aliyesema kweli hakuandikwa juu ya jiwe lolote. Foto ya jiwe la Mugere bila habari ya Uvira ni nusu ya historia.

4. Mambo ya kufanya sasa

Wanaotunza majengo ya mawe wanajua kwamba hata jiwe lina mwisho. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Unguja, ilianguka na kuua watu. Foto za zamani zipo tangu karne ya 19, kwa hiyo mafundi wana mahali pa kuangalia. Na sisi? Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba za mji wetu. Tena ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za ufukoni. Ni milango mingapi iliyoondoka ambayo hakuna hata foto moja?

Basi tusingojee mawe tusiyokuwa nayo. Tupige foto za nyumba za matofali za zamani za Wabelgiji, baraza za wafanyabiashara, misikiti na makanisa ya kwanza, na nyumba za udongo zilizobakia mlimani. Kazi yenyewe si ngumu:

– Omba ruhusa kwanza. Mji uliopita vitani unaogopa mtu mwenye kamera, na ni haki yake.

– Simama mbele ya mlango, wima, kamera iwe kwenye nusu ya urefu wa mlango. Weka kando fimbo ya metre moja iliyogawanywa kila sentimetre 10.

– Chagua saa. Kwetu jua linatoka ziwani. Asubuhi sana linapiga usoni mlango unaotazama ziwa, na michoro haionekani. Ngoja karibu saa tano, jua likiwa juu: kila mchoro unatupa kivuli chake. Alasiri usichelewe, kwa maana milima inaficha jua mapema.

– Piga nyumba nzima, kisha mlango, kizingiti, miimo, bawaba na kufuli.

– Andika tarehe, kartie, avenyu, aina ya mbao, jina la fundi kama linajulikana, na maneno ya mwenye nyumba kama alivyoyasema, kwa lugha yake.

– Toa nakala, zikae nyumba mbili au tatu tofauti. Telefone ikianguka majini, yote yamekwisha.

Watu wa Kilwa waliachiwa matumbawe, yenye subira ya miaka mia saba. Udongo wa Uvira hauna subira hiyo. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuharakisha, na wazee wanaojua nani alijenga nini, mwaka gani, bado wako nasi katika Kimanga, Songo, Mulongwe na Kalundu. Tuanze kwao.