Kabla ya cherehani, dawati

Mimi ni fundi nguo wa Marangu, mlimani Kilimanjaro. Nimeshona magauni mengi ya harusi, na mengine yalikuwa ya mabinti walioozeshwa haraka ili kufunika aibu.

Zamani binti akipata mimba shuleni, mzazi alisema: "Basi, akajifunze cherehani." Ufundi ni kazi ya heshima, lakini wengi walikuja kwa sababu mlango wa shule umefungwa.

Visiwani mlitutangulia. Sheria ya Zanzibar ya 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa akipata mimba afungwe jela. Ikafutwa 2005, na 2010 mabinti wakaruhusiwa kurudi shule wakishajifungua. Bara, mwaka 2016 iliwekwa adhabu ya miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini binti naye aliendelea kufukuzwa. Ni Novemba 2021 ndipo Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kuwa anaweza kurudi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshapata ujauzito. Mwaka 2015-16 walikuwa 27. Alhamdulillah, imepungua, lakini bado ni wengi.

Mama, zungumza na binti yako mapema, kabla wengine hawajazungumza naye. Yakishatokea, usimfiche wala usimharakishie nikaha. Mlee mjukuu, naye arudi darasani. Cherehani yangu itamsubiri amalize shule.