Msimu wa Baridi, Msimu wa Kutoka

Kila mwaka, mwezi wa sita ukianza, bibi yangu hunipigia simu kutoka Kihesa, Iringa. Baada ya "kamwene" na habari za kazi, swali huwa lile lile: "Mume wangu, mwaka huu unanipeleka wapi?"

Kuniita mume ni utani wa bibi na mjukuu. Swali lenyewe si utani. Mimi nafanya kazi Mbeya, na likizo yangu huichukua Julai, wakati ambapo wenzangu waliotoka Dar es Salaam na Tanga wanatafuta sababu yoyote ya kushuka pwani kufuata joto. Kwao, baridi ni wakati wa kujifungia ndani. Wanashangaa kusikia kwamba kwetu ni wakati wa kutembea. Zamani nilikuwa nawajibu kwa mzaha. Siku hizi nawajibu kwa historia.

Nianze na hali ya hewa. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya karibu mita 1,700. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Juu zaidi, Kitulo na Uporoto, kuna asubuhi ambazo sakitu hulala mashambani, na jua likitoka majani ya viazi huwa meusi kana kwamba yamebabuliwa na moto. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya ukavu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika karibu Aprili au Mei. Baridi inapofika, mahindi yameshavunwa, mito imepungua, njia za vumbi zinapitika, na aliyeuza gunia mbili tatu ana chochote mfukoni. Shule nazo zinafunga. Ndiyo maana harusi nyingi, sherehe za kipaimara na ziara za kuwaona ndugu walioolewa mbali husubiri wakati huu.

Matembezi yenyewe ni madogo. Iringa, Jumapili jioni, vijana hupanda Jiwe la Gangilonga kutazama mji na jua likizama. Jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Mbeya, wenye miguu yenye nguvu hupanda Loleza, wenye nauli huenda hadi Ziwa Ngozi, na wengi wetu huishia Mwanjelwa kuchagua sweta. Mchana watu huota jua barazani, usiku huota moto. Hakuna anayeita hayo utalii.

Siku moja, nikiandaa orodha ya mahali pa kumpeleka bibi, niliandika pembeni tarehe za matukio ya kila mahali, nikaona jambo ambalo shuleni sikuwahi kuliona. Lugalo, ambako Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski: 17 Agosti 1891. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoangushwa na jeshi la Wajerumani: 30 Oktoba 1894, ukavu ukielekea mwisho. Mkwawa alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe, baada ya kuwindwa miaka karibu minne: 19 Julai 1898. Fuvu lake liliporudishwa Kalenga: 19 Juni 1954.

Hakuna mwujiza hapo. Jeshi lililotegemea wapagazi lilihitaji njia kavu na mito inayovukika. Ukavu ule ule unaomwezesha bibi kwenda harusini Ifunda ndio uliowafungulia njia waliokuja na bunduki. Hata hivyo, tangu siku ile nikisoma kuhusu miezi ya mwisho ya Mkwawa porini, huwaza pia baridi ya Julai, na mtu anayeogopa kuwasha moto kwa sababu moshi utamsaliti.

Baada ya vita, baridi yenyewe ikawa sababu ya watu kuja. Wazungu wa zama zile waliogopa joto la pwani na homa zake, wakaamini kwamba nyanda za juu zingewafaa kwa makazi. Eduard von Liebert, gavana wa Kijerumani aliyezuru Uhehe mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa walioinadi nchi hii kwa walowezi. Mji wa Iringa wa sasa ulianza kama kituo cha Wajerumani kwenye mwinuko ulio juu ya Mto Ruaha Mdogo, na jina lake linatokana na lilinga, neno la Kihehe la ngome. Ngome ilivunjwa, jina lake wakalihamishia kilimani.

Mbeya ilizaliwa baadaye, mwaka 1927, enzi ya Waingereza, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa inavuta watu wa kila aina. Wachimbaji walihangaika kwenye joto la bondeni, na mji ukakua huku juu, chini ya Loleza, kwenye ubaridi. Mtaa wa Uzunguni bado unaitwa hivyo hadi leo. Iringa nako, miaka ya mwisho ya 1950, ilijengwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's. Baada ya uhuru ikawa Shule ya Sekondari Mkwawa, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Jina la mtu aliyewindwa kwenye baridi limekaa juu ya lango la shule waliyojengewa watoto wa watawala.

Si kila mgeni aliyeletwa kwenye baridi hii alikuja kutawala. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ifunda palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan, wakapitia Iran, kisha wakasafirishwa hadi Afrika Mashariki. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe, na kubwa zaidi Tengeru, karibu na Arusha. Nikipita Ifunda kwa basi, madirisha yakiwa na ukungu na kila abiria amejikunyata, najiuliza watoto wale waliionaje baridi yetu baada ya ile ya Siberia. Walipoondoka, majengo yao yakawa shule ya ufundi, ambayo imewafundisha vijana wengi wa Kitanzania.

Nguo nazo zina historia yake. Bibi anasema baridi mbaya kuliko zote aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikuwa kwa sababu hewa ilikuwa kali zaidi, ila nguo hazikupatikana. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, uchumi umeporomoka, na madukani kulikuwa na rafu tupu. Watoto watatu walilala chini ya blanketi moja lililokwisha manyoya. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, mitumba ikaanza kumiminika. Watu waliiita "kafa Ulaya", kwa kuamini kwamba wenyewe wamekufa. Bibi alinunua koti zito la kijani lenye vifungo vya shaba, akalivaa kwa miaka ishirini. "Marehemu alikuwa mnene," husema, "lakini alinisitiri." Waliokuja kutafuta baridi yetu waliondoka, halafu makoti yao yakatufuata.

Ninayaandika haya kwa utulivu, lakini baridi ina upande ambao hauna utulivu wowote. Julai ya mwaka juzi nilifika Kihesa alfajiri, nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango wa chumba. Bibi alikuwa kitandani, dirisha limefungwa na kuzibwa kwa kanga ili upepo usipite, na jiko la mkaa katikati ya chumba bado lina makaa mekundu. Alikuwa anapumua, ila akijaribu kusema ulimi unakuwa mzito. Nilimbeba hadi uani, nikamkalisha ukutani kwenye baridi ile ile aliyokuwa anaikimbia. Alitapika, akalalamika kichwa, na baada ya saa nzima hospitalini akaanza kuwatania wauguzi.

Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu husinzia akidhani ni joto tamu linamlaza. Kila msimu wa baridi hatukosi kusikia habari za familia zilizolala na jiko ndani zisiamke. Kinachoua si ujinga. Ni mtu mwenye blanketi jembamba, nyumba yenye nyufa, na jiko moja ambalo ndilo la ugali na ndilo la moto wa kuota.

Ni baada ya siku ile ndipo bibi aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Tangu utoto wetu ametusimulia jinsi alivyoliona fuvu la Mkwawa likirudi. Alikuwa na miaka tisa hivi. Baba yake alimwamsha usiku, akamfunga blanketi, wakatembea na watu wengine wa kijiji hadi Kalenga. Ilikuwa Jumamosi. Gavana Edward Twining alikuja na gwaride, akalikabidhi fuvu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtemi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Bibi alikuwa akituonyesha kwa mikono ukubwa wa fuvu na rangi yake. Tulimwamini.

"Sikuona kitu," aliniambia uani, bado amejifunika. "Niliona migongo ya watu. Baba alininyanyua mabegani, nikaona kofia ya gavana. Kofia ina manyoya. Basi."

Kwa hiyo mwaka jana aliponiuliza nitampeleka wapi, nilimjibu Kalenga. Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini. Ameishi karibu nayo maisha yake yote, lakini makumbusho ni mahali ambapo mtu hupeleka wageni, na yeye hakuwahi kuwa na mgeni wa kumpeleka.

Tulikodi bajaji saa nne, ukungu ulipokwisha. Alivaa sweta mbili na kitenge kipya. Njiani nikaona ni haki nimweleze yote. Kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu kinachoidai Ujerumani irudishe fuvu hili, na bado ikachukua miaka 35. Kwamba Twining alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Na kwamba wapo wanahistoria wenye mashaka kama lililorudi ndilo lenyewe.

Alinyamaza mpaka nikajuta kusema. Kisha akauliza, "Mafuvu mengi? Ya akina nani hayo mengine?"

Nilimwambia ni ya Waafrika waliouawa au kufukuliwa makaburini, na kwamba mengi bado yako Ujerumani.

"Na wao walikuwa na watu wao," akasema.

Ndani, alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakulia wala hakusema lolote la kukumbukwa. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akaupima ukubwa kwa mikono yake miwili kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo. Mikono ilikuwa imepanuka mno. Akaipunguza, akaniangalia, tukacheka wote wawili kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani.

Nje tuliketi ukutani kuota jua. Nilinunua mahindi ya kuchoma. Watoto wa shule walikuwa wakishuka kwenye basi, wamevaa masweta ya rangi moja, wakisukumana ili wawe wa kwanza kuingia. Bibi aliwatazama, akamwita mtoto mmoja mfupi aliyekuwa nyuma ya wote.

"Wewe, mwambie mwalimu akupitishe mbele," alimwambia. "Usije ukaona migongo."

Usiku ule tuliwasha jiko uani, tukaota moto hadi makaa yakawa majivu, ndipo tukaingia ndani na mablanketi. Jiko lilibaki nje. Nilipokuwa nafunga mlango, nikamsikia gizani:

"Mume wangu, hiyo Mwanjelwa yenu, makoti ni bei gani?"